Jiwe la Ivuna lilishikwa na nani?

Mikorosho ya Nachingwea na Ruangwa ikianza kutoa maua, katikati ya mwaka, mashamba hujaa mngurumo wa mabomba ya kupulizia. Kazi hufanyika alfajiri, upepo ungali umetulia na umande haujakauka, ili salfa ishike vizuri kwenye majani na maua. Adui ni ubwiriunga, kuvu linaloyafunika maua machanga kwa unga mweupe hadi yakanyauka kabla ya kushika tunda. Hakuna aliyewahi kuliona likiingia shambani. Linakuja na upepo, kwa spora ndogo zisizoonekana kwa macho, na kila mwenye mikorosho anajua kwamba jirani asipopulizia, hasara si ya jirani peke yake.

Jioni wakulima hao hao hukaa vijiweni na simu zao, na humo mna habari nyingine za viumbe visivyoonekana. Klipu moja inatangaza kwamba wanasayansi wamethibitisha uhai ulishuka duniani kutoka Mirihi. Nyingine inadai ugonjwa fulani umeletwa na kimondo. Ya tatu, kwa sauti kali, inasema yote hayo ni uongo mtupu. Zinazunguka kundi hadi kundi, na ni nadra mtu kuuliza nani kaona, kapima vipi. Lisemwalo lipo, hujitetea aliyetuma. Je, kila lisemwalo lipo?

Safu hii inashikilia kwamba swali la vijidudu kuishi angani na kuhama sayari ni swali la watu wa Nachingwea na Ruangwa kama lilivyo la watu wa Houston na Tokyo. Mkulima anayepambana na ubwiriunga amekwisha kuielewa sehemu kubwa ya hoja. Nchi yake iliwahi kupokea jiwe lililowekwa katikati ya mabishano makubwa ya karne iliyopita kuhusu jambo hili. Chini ya miguu yake kuna kinywe, kaboni nyeusi inayoweza kumfundisha mwanafunzi namna ya kutofautisha alama ya uhai na alama isiyo ya uhai. Kinachokosekana ni mazoea ya kudai uthibitisho, na mazoea hayo yanatakiwa kujengwa darasani, mapema, kwa vitu vinavyoshikika.

Kutoka kwenye kiporo hadi angani

Tuanze jikoni. Wali uliopikwa jana mchana ukaachwa sufuriani hadi asubuhi unaweza kumtapisha mtu hata kama umepashwa moto vizuri. Wengi hulaumu mafuta au nazi. Mhalifu wa kweli mara nyingi ni bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mazingira yakimkalia vibaya, hujikusanya, hukausha mwili wake, hujifunika ganda gumu na kuwa spora: hali, haongezeki, anangoja tu. Maji yanayochemka hayamuui. Wali ukipoa na kukaa saa nyingi kwenye joto la chumba, spora huamka, bakteria huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo moto wa kupasha kiporo hauiondoi.

Ukoo wa Bacillus ni mkubwa. Bakteria wa kimeta ni wa ukoo huo, na spora zake hukaa ardhini makumi ya miaka pale ng'ombe alipofia. Pepopunda huletwa na bakteria wa ukoo mwingine, lakini mbinu ni ile ile ya spora kulala udongoni ikisubiri jeraha. Kwa hiyo watafiti walipotaka kujua kama kuna kiumbe kinachoweza kukaa nje ya dunia, hawakuhangaika sana kuchagua. Walimchukua Bacillus subtilis, ndugu asiye na madhara.

Aprili 1984 Marekani ilikiacha angani chombo kikubwa kisicho na rubani, kilichobeba spora hizo pamoja na majaribio mengine mengi. Kilirudishwa Januari 1990. Spora zilikuwa zimekaa karibu miaka sita katika ombwe, bila hewa wala maji. Zilizopigwa na mionzi ya jua moja kwa moja ziliteketea kwa wingi mno. Zilizokingwa na mionzi hiyo, nyingi ziliamka zilipopewa chakula.

Wajapani wakafuata na jaribio waliloliita Tanpopo. Walikausha bakteria aina ya Deinococcus, maarufu kwa kustahimili mionzi, wakawapanga katika matabaka ya unene tofauti na kuwaweka nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga. Baada ya miaka mitatu, katika donge lenye unene wa nusu milimita na zaidi, wale wa juu walikuwa wamekufa, na maiti zao zikawa paa la wale wa chini, walioamka wakiwa hai. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020.

Muuaji mkubwa wa angani, basi, ni mionzi ya urujuanimno ya jua, ile ambayo duniani tabaka la ozoni hutupunguzia. Ombwe hukausha, lakini spora imekwisha kujikausha yenyewe. Baridi huhifadhi zaidi ya inavyoua. Mionzi mingine mikali, ile ipenyayo jiwe, huua polepole, na kadiri jiwe linavyokuwa nene ndivyo kiumbe aliye ndani anavyopata muda mrefu zaidi. Kuishi angani kunawezekana kwa miaka kadhaa, na kwa muda mrefu zaidi ndani ya mwamba. Kusafiri na kufika ni habari nyingine.

Jiwe la Mirihi katika shamba la mahindi

Oktoba 1962, kijijini Zagami kaskazini mwa Nigeria, mkulima mmoja alikuwa akifukuza kunguru katika shamba lake la mahindi. Kishindo kikamshtua, na jiwe la kilo zipatazo 18 likajichimbia ardhini hatua chache kutoka alipokuwa. Miaka mingi baadaye hewa iliyonaswa ndani ya mawe ya aina hiyo ililinganishwa na hewa ya Mirihi iliyopimwa na vyombo vya Viking, ikaoana. Jiwe la Zagami ni kipande cha Mirihi. Leo mawe ya namna hiyo yanayofahamika duniani ni mamia.

Yalifikaje? Kimondo kikubwa kikiigonga Mirihi, mawe ya juu hurushwa kwa kasi inayoshinda mvutano wa sayari, ambao ni zaidi kidogo tu ya theluthi moja ya mvutano wa Dunia. Hapo huanza kulizunguka jua, na machache huja kukutana na sisi. Anayedhani kila kitu ndani ya jiwe hilo lazima kiungue njiani amekosea. Jiwe liitwalo ALH84001, lililookotwa Antaktika mwaka 1984, lilichunguzwa sumaku yake, na ripoti ya mwaka 2000 ikaonyesha kwamba ndani halikupata moto kupita nyuzi 40 za Selsiasi katika safari yote. Hilo ni joto la juu kidogo tu ya joto la mwili wa binadamu.

Njia, kwa hiyo, ipo. Lakini jiwe hilo lilizurura angani karibu miaka milioni 16 kabla ya kuanguka, na hakuna jaribio lolote linaloonyesha spora ikingoja muda wa namna hiyo katika mionzi ya anga. Mahesabu yanaonyesha mawe machache sana huweza kufika kwa muda mfupi zaidi, na hayo machache ndiyo tumaini la watetezi wa nadharia ya uhai kuhama sayari. Kutua nako kuna kipingamizi chake. Watafiti wa Ulaya walifunga vipande vya mwamba vyenye vijidudu kwenye ngao ya joto ya chombo cha Urusi, Foton, kisha wakakiacha kishuke kama kimondo. Mwaka 2007, kama katika jaribio lililotangulia, vijidudu hai vilivyokingwa na mwamba wa unene wa sentimita zipatazo mbili viliungua vyote. Kina zaidi kingehitajika.

Hapo ndipo ukweli ulipofikia: kila hatua ya safari, ikichukuliwa peke yake, ina uwezekano, na hakuna aliyeonyesha abiria mmoja aliyezipita zote. Anayetuma klipu ya kuthibitishwa kwa uhai wa Mirihi ameruka maneno hayo ya mwisho.

Kilichotua Ivuna

Jioni ya tarehe 16 Desemba 1938, kimondo kilianguka Ivuna, kusini-mashariki mwa Ziwa Rukwa, eneo linalojulikana tangu zamani kwa chumvi yake. Watanzania wengi wanakijua kimondo cha Mbozi, lile bonge la chuma la tani zipatazo 16 linalotembelewa na watalii na wanafunzi. Cha Ivuna hawakisikii, kwa kuwa kilichookotwa kilikuwa gramu 700 na kidogo, jiwe jeusi, laini, linalomeguka vidoleni, lenye udongo uliowahi kulowa maji.

Kwa sayansi, mzigo huo mdogo una thamani kubwa ajabu. Mawe ya aina yake yaliyoshuhudiwa yakianguka hayafiki kumi, na kemia yake inakaribiana na kemia ya jua lenyewe ukiondoa gesi. Wataalamu wanaliita kundi hilo CI. Herufi C ni ya kaboni, na I ni ya Ivuna. Kila mara profesa wa Japani au Marekani anapoandika herufi hizo mbili anataja kijiji cha Tanzania, na ni walimu wangapi wa sayansi wa Lindi, Songwe au popote nchini waliopewa nafasi ya kuwaambia wanafunzi wao jambo hilo?

Mwaka 1961 George Claus na Bartholomew Nagy, wakifanya kazi New York, walitangaza katika jarida la Nature kwamba ndani ya jiwe la Ivuna, na ndani ya jiwe la Orgueil lililoanguka Ufaransa mwaka 1864, wameona maumbo madogo yanayofanana na mabaki ya mwani. Dunia ikashtuka. Kama ni kweli, uhai ulikuwapo nje ya dunia, na ushahidi wake umeokotwa Rukwa.

Kisha wakaja wabishi, na sifa ziwaendee. Edward Anders na Frank Fitch wa Chicago waliyachunguza maumbo hayo moja baada ya jingine. Baadhi yalikuwa chembe za madini. Mengine yalikuwa chavua ya magugu ya Marekani na uchafu mwingine wa mjini uliorukia mawe hayo makabatini. Mwaka 1964 ikabainika pia kwamba kipande kimoja cha Orgueil kilikuwa kimepachikwa mbegu za mmea kwa gundi, karibu miaka mia moja nyuma, na mtu ambaye hakujulikana. Jiwe la Ivuna halikuchezewa hivyo. Liliguswa tu, likasafirishwa, likafunguliwa, likapumuliwa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wanaotafuta uhai wa angani wamelijifunza hilo kwa gharama. Novemba 1969 wanaanga wa Apollo 12 walirudi na kamera ya Surveyor 3, chombo kilichokuwa kimekaa mwezini tangu Aprili 1967. Ndani yake ikapatikana bakteria ya kooni mwa binadamu, na kwa miaka mingi vitabu vikasimulia kwamba kijidudu kimeishi mwezini. Uchunguzi wa baadaye wa namna kamera ilivyoshikwa maabara ulionyesha kwamba huenda bakteria huyo alitoka kwa wachunguzi wenyewe.

Desemba 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilileta gramu 5.4 za mchanga kutoka Ryugu, jiwe kubwa linalozunguka jua. Mchanga huo ulifungwa usiguswe na hewa, na ulipopimwa ukaonekana ndugu wa karibu kabisa wa jiwe la Ivuna. Punje moja ikapelekwa Uingereza. Mwaka 2024 watafiti wa huko waliripoti kwamba juu yake kulikuwa na nyuzi na vijiti vya bakteria vikiongezeka, kisha vikipungua, sawasawa na vijidudu vya kawaida vya hapa duniani vinavyopata makazi mapya. Jiwe lililotunzwa kuliko karibu yote katika historia lilivamiwa punde tu baada ya kufunguliwa.

Lakini Ivuna haikutuacha mikono mitupu. Mwaka 2001 Pascale Ehrenfreund na wenzake walionyesha kwamba jiwe hilo lina asidi amino za angani, hasa glisini na beta-alanini. Mchanga wa Bennu, gramu zipatazo 121 zilizoletwa na Marekani Septemba 2023, umeonyesha mengi zaidi: asidi amino 14 kati ya 20 zinazotumiwa na viumbe, pamoja na besi zote tano za DNA na RNA. Hizo ni malighafi za uhai. Unga si ugali, na hakuna aliyekuta kiumbe.

Kipande kikubwa cha jiwe la Ivuna, gramu zipatazo 200, kilinunuliwa mwaka 2008 na Makumbusho ya Historia Asilia ya London. Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, hapa hapa mkoani Lindi, iko Berlin tangu msafara wa 1909 hadi 1913. Mjadala wa kurudisha vitu hivyo ni mrefu na una haki zake. Lililo jepesi zaidi, na ambalo halihitaji idhini ya London wala Berlin, ni kuvifundisha.

Somo lililo chini ya Ruangwa

Ukiokota jiwe lenye kinywe Ruangwa na kulisugua kwa kidole gumba, kidole kinabaki na weusi unaong'aa kama rangi ya risasi. Ni kitu kile kile kilicho ndani ya penseli, na ndicho kinachotafutwa leo kwa betri za magari ya umeme. Kwa wakazi wa Matambarale na vijiji vya jirani, kinywe ni habari ya leseni, fidia, ajira na barabara. Ni haki yao kuyajadili hayo kwanza.

Kinywe hicho kina habari nyingine. Wanajiolojia wanaeleza kwamba kaboni ya ukanda huu wa miamba, unaoendelea hadi Msumbiji, kwa sehemu kubwa ilianza kama matope ya chini ya maji yaliyojaa mabaki ya viumbe wadogo sana. Mabara yalipogongana, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, matope hayo yalizikwa, yakabanwa na kupikwa kwa mamia ya nyuzi za joto mpaka kila umbo la kiumbe likafutika na kaboni ikabaki. Magunia yanayobebwa na malori hadi bandarini yana mabaki ya vijidudu ambavyo havikuwahi kuona mnyama wa nchi kavu.

Inajulikanaje, kama umbo limefutika? Kaboni ina aina nyepesi na aina nzito, na viumbe hai hupendelea kutumia ile nyepesi. Mabaki yao hubaki na upungufu wa ile nzito, na kipimo hicho kinaweza kudumu hata baada ya kupikwa. Vimondo navyo vina kaboni, vingine vina kinywe kabisa, na hakuna kiumbe aliyehusika. Kipimo hicho hicho kimetumika kwenye miamba ya Greenland yenye umri wa miaka bilioni 3.7 kutafuta dalili kongwe za uhai, na ubishi wake haujaisha.

Julai 2024 chombo cha Perseverance kilitoboa Mirihi mwamba ulioitwa Cheyava Falls, wenye kaboni na madoa ambayo duniani mara nyingi hutokana na kazi ya vijidudu. Septemba 2025 watafiti waliandika kwamba inaweza kuwa dalili ya uhai wa kale, na kwamba njia zisizo za uhai bado hazijaondolewa. Kijana wa Ruangwa aliyefundishwa kinywe chake angeisoma taarifa hiyo akajua mara moja kipimo cha kudai.

Nachingwea ina sababu ya ziada ya kupenda vipimo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza iliichagua kuwa moja ya maeneo ya mradi mkubwa wa karanga. Misitu ikang'olewa, reli ikajengwa kutoka Mtwara, fedha nyingi zikamwagwa kwa makadirio ya haraka kuhusu udongo, mvua na mitambo. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na reli yenyewe haikuvuka mwanzo wa miaka ya 1960. Wakulima walioijua ardhi hawakuulizwa, na makadirio hayakupimwa kwanza katika shamba dogo.

Nani anunue hadubini?

Kaya ya kawaida inapata nini katika haya yote? Mama anayechambua karanga barazani kabla ya kuzisaga anatafuta zilizosinyaa na zenye kuvu la kijani-njano. Kuvu hilo hutoa sumukuvu, ambayo kukaanga hakuiondoi yote, na ambayo kwa miaka mingi huharibu ini. Binti yake akiwahi kuliona kuvu hilo kwa hadubini, atakausha karanga juu ya turubai bila kusubiri kuhimizwa na bwana shamba. Aliyeelewa spora ataelewa kwa nini jeraha la jembe linahitaji chanjo ya pepopunda hata likioshwa, na kwa nini mzoga wa kimeta hauchunwi. Na klipu ya ugonjwa ulioletwa na kimondo ikimfikia, atauliza nani alilishika jiwe hilo kabla ya kupimwa.

Penye miti hapana wajenzi, na safu hii haioni kwa nini methali hiyo iendelee kuisema wilaya yenye kinywe. Tangu marekebisho ya 2017, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni ya uchimbaji kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, na mpango huo lazima ukubaliwe na halmashauri. Madarasa na zahanati huingia humo, na yanastahili. Hadubini za shule za sekondari ziingie pia, pamoja na fedha ya kumfundisha mwalimu kuzitumia, kwa kuwa kifaa kisicho na mwalimu huishia kabatini.

Somo la kwanza linaweza kuandaliwa kwa vioo vinne. Cha kwanza kiwekwe ua la mkorosho lenye ubwiriunga. Cha pili kiwekwe kuvu la karanga. Cha tatu kiwe na unga wa jiwe la kinywe, ili wanafunzi waone mahali ambapo umbo la kiumbe halipo tena. Cha nne kisafishwe vizuri, kisha kiguswe na kidole cha mwanafunzi mmoja tu, na darasa lote lichore kilichobaki hapo. Halmashauri mbili za jirani, Nachingwea na Ruangwa, zinaweza kushirikiana gharama na walimu, na madiwani wana nafasi ya kuliingiza ombi hili katika vikao vyao kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza Julai.